ATI NI UTANI TU!

Ndugu msomaji, kuna maneno matatu ambayo nikiyasikia natafuta kalamu. Maneno yenyewe ni haya: "Ni utani tu." Wengine huongeza "bwana" mwishoni yakawa manne, na hapo ndipo yanapouma zaidi. Mtu kakuvua nguo mbele ya kadamnasi, ukikunja uso anakwambia ni utani tu bwana. Bosi kamwita mhudumu wake punda mbele ya wageni, ni utani tu bwana. Mume kamsimanga mkewe ukumbini kwa sababu hajazaa, watu wameinamisha vichwa, yeye anacheka peke yake: jamani, si utani tu! Siku hizi maneno hayo yamekuwa kama sabuni ya mche. Hakuna doa yasilolitoa.

Kabla hujaniita mtu wa kununa, nijieleze. Mimi napenda utani kuliko ugali. Nimelelewa na bibi aliyeniita mume wake hadi siku aliyofumba macho, na kila nilipochelewa kurudi nyumbani alinidai posho. Naandika kuutetea utani, maana umevamiwa na makundi mawili. Kundi la kwanza linautumia kama gunia la kufichia tusi. Kundi la pili, likiona tusi limetoka guniani, linachoma gunia pamoja na mahindi yaliyomo. Makundi haya yanadhani ni maadui. Mimi nasema ni mtu na mdogo wake, na ushahidi wangu sitautoa mbali. Nautoa hapa hapa Mpanda, kwenye kijiwe cha wapiga kinanda.

Kijiwe chetu

Wasioijua Mpanda wanadhani huku ni viboko na simba tu. Sawa, Hifadhi ya Katavi ipo tangu mwaka 1974, na viboko ni wengi kuliko wapiga kinanda. Lakini nyimbo za kanisa pande hizi zina umri wa kuheshimiwa. Mapadre Weupe waliirithi ngome ya Wabelgiji pale Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Leo kila dhehebu lina kwaya, na kila kwaya inatafuta kinanda. Ikishakipata kinanda, inatafuta mtu wa kukipiga. Ikishampata mtu, inaanza kumsema.

Piano halisi, ile ya mbao na nyuzi, yenye vitufe 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, wengi wetu tumeiona kwenye picha. Sisi twapiga kinanda cha umeme, vitufe 61, katika mji ambao kwa miaka mingi uliwaka kwa majenereta ya dizeli. Umeme ukikatika katikati ya Utukufu, ndipo waumini wanapojua nani alikuwa anaimba na nani alikuwa amejificha nyuma ya kinanda. Na hapo ndipo utani wa Jumamosi inayofuata unapopata mtaji.

Maana sisi tunakutana Jumamosi jioni, Majengo, kwenye kibaraza cha fundi redio mmoja. Tunatoka kwaya mbalimbali, wengine Makanyagio, wengine Kawajense, wengine Nsemulwa. Kinanda kimoja, vikombe vya chai, midomo kumi na mbili. Anayekaa kwenye kinanda anajua kabisa kuwa amekaa kwenye kiti cha mshitakiwa.

"We bwana, vidole vyako vimekuwa kama viboko wa mto Katuma wakati wa kiangazi. Vimejazana sehemu moja, vinapigana!"

"Afadhali vyangu vina maji. Vyako ni treni ya Mpanda. Vitafika, lakini abiria ameshasahau alikuwa anakwenda wapi."

Huo ndio mwanzo tu, salamu. Vita kubwa ni ya kitufe cha transpozi. Kwa msomaji asiyejua: kinanda cha umeme kina kitufe ambacho ukikibonyeza, sauti yote inapanda au inashuka kwa nusu toni. Basi mtu aliyejifunza ufunguo wa C peke yake, ambao hauna kitufe cheusi hata kimoja, anaweza kupiga nyimbo zote duniani. Kwaya ikitaka E fleti, anabonyeza mara tatu kwenda juu, vidole vyake vinabaki pale pale nyumbani kwao. Kanisa linasikia E fleti, yeye anapiga C. Tunaye mmoja wa aina hiyo, tulimpa jina la Bwana C.

"Bwana C, ukifa tutakuzika kwenye C. Malaika wakianza kwa E fleti, utamwomba Mtakatifu Petro kitufe?"

"Mtume atanielewa. Nyie wasoma nota ndio mtapata taabu. Upepo ukipeperusha karatasi, mnabaki mmetoa macho kama mbuzi aliyeona treni."

Na wasoma nota nao wana ugomvi wao kwa wao. Wanaosoma nota za mistari mitano wanawacheka wanaosoma solfa, ile ya do-re-mi, kwamba ni watoto wa chekechea. Siku moja mzee mmoja wa solfa alisimama akauliza: "Enoch Sontonga aliandika kwa nini mwaka 1897?" Kijiwe kikanyamaza. Wimbo alioutunga mwalimu huyo wa kwaya wa Afrika Kusini ndio mzazi wa Mungu Ibariki Afrika, na aliuandika kwa solfa. "Basi," akasema mzee, "kila mnaposimama wima kwa heshima ya taifa, mnasimama kwa heshima ya chekechea." Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Hakuna aliyekuwa na jibu jumamosi ile. Walikuja nalo Jumamosi iliyofuata.

Dada mmoja wa Makanyagio, mpigaji hodari kweli, aliambiwa na mwenzake kwamba vidole vyake vimezoea masufuria, ndiyo maana anakipiga kinanda kama anakisugua. Hakulia. Alimtazama yule bwana kutoka kichwani hadi miguuni, akamwambia: "Vidole hivi vinakula kwa jasho lao. Vya kwako vinakula kwa transpozi." Yule bwana akainuka akampisha kiti. Tangu siku hiyo, habari za masufuria hazijasikika tena pale kibarazani.

Na Bwana C? Tulimtania karibu mwaka mzima. Kisha Pasaka moja akapiga wimbo mzima kwenye E fleti, fleti zake zote tatu, bila kukigusa kile kitufe. Hakuna semina iliyomfundisha. Lakini sikiliza jambo lenyewe ambalo watu wa nje hawalijui: aliyemtania kuliko wote ndiye aliyekaa naye kila Alhamisi usiku, mshumaa mmoja, akimwonyesha kidole kipi kiende wapi. Mdomo uliomchoma ndio ulioleta dawa. Weka jambo hilo akilini, nitalirudia.

Utani ni nini hasa?

Vijana wenzangu wengi wanadhani utani ni kusema lolote umsemalo mtu kisha ukacheka. Wapi bwana! Hiyo ni kelele. Utani kwetu ni mkataba. R. E. Moreau aliuandikia katika miaka ya 1940, enzi za Tanganyika. Katika miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikusanya maandishi mengi kuhusu utani wa makabila mbalimbali ya nchi hii. Wasomi wana maelezo yao, wazee wana yao, lakini yanakutana sehemu mbili: vita na safari.

Vita kwanza. Wangoni wa Zwangendaba walikuja kutoka kusini mwa Afrika wakipigana, wakafika Ufipa, jirani zetu hapa, na kiongozi wao akafia huko katika miaka ya 1840. Watu wake wakatawanyika, wengine wakapanda kaskazini hadi Unyamwezi, wengine wakageukia upande wa Songea. Kila walikopita waliacha makovu. Sasa utaishije na mtu aliyemuua babu yako? Ama umuue naye, ama mtafute namna. Waliochomana mikuki jana wakakubaliana kuchomana maneno. Uchungu ule ukapewa mlango wa kutokea, mlango wenye bawabu.

Kisha safari. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani miezi na miezi, na mizigo yao, wakipita nchi za watu. Mtu akiugua njiani nani atampa maji? Akifa, nani atamzika ugenini? Mtani. Ndiyo maana mpaka leo msibani mtani ana kazi. Anachimba kaburi. Anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea na kukohoa. Analala kaburini akikataa kutoka mpaka alipwe, na wafiwa waliokuwa wamekauka kwa kilio wanajikuta wanacheka machozi yakiwatoka. Hapo hakuna mzaha mtupu. Ni kazi, na ni kazi nzito.

Basi ukitaka kumjua mtani wako, usiangalie anavyokucheka. Jiulize: huyu atanichimbia kaburi? Kama jibu ni ndiyo, mwache aseme atakavyo. Bibi yangu alikuwa na haki ya kuniita mume mzembe kwa sababu usiku nilipopata homa yeye ndiye hakulala.

Watani wa jadi wa mpira wanalijua hili hata kama hawajasoma. Yanga ilianza 1935, Simba 1936, na tangu hapo wanachekana. Mshabiki wa Simba anakukumbusha sita bila za 1977 na tano bila za 2012. Mshabiki wa Yanga anakujibu kwa tano bila za 1968 na tano kwa moja za Novemba 2023. Kila upande una goli la kujibia. Siku upande mmoja utakapokatazwa kufunga, au hata kutaja goli lake, huo hautakuwa utani tena, utakuwa ni mkutano wa hadhara.

Kijana wa Katumba

Sasa njoo upande wa pili. Katika kwaya moja ya mjini hapa, jina lake nalihifadhi, alikuwepo kijana mpiga kinanda kutoka Katumba. Asiyeijua Katumba asikilize. Mwaka 1972 Burundi iliwaka moto. Wahutu waliuawa kwa makumi ya maelfu, wengine wakavuka mpaka kuingia kwetu. Serikali ya Mwalimu ikawapa ardhi porini: Ulyankulu kule Tabora, Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978, hizi mbili za mwisho zikiwa katika nchi ambayo leo ni mkoa wa Katavi. Walifyeka, wakalima, wakajenga makanisa ya udongo, wakaimba. Na waliimba kweli! Nani anayependa nyimbo za Injili katika nchi hii hajaisikia Kwaya ya Barabara ya 13 ya Ulyankulu? Hiyo barabara ni ya makazi ya wakimbizi.

Mwaka 2010 serikali iliwakubalia uraia watu wapatao 162,000 wa makazi hayo matatu, na vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Mkoa wa Katavi wenyewe umezaliwa mwaka 2012. Kwa hiyo, kwa hesabu ya uamuzi ule, hawa ni Watanzania wa siku nyingi kuliko Katavi ilivyo mkoa. Kijana ninayemsema amezaliwa Katumba. Baba yake amezaliwa Katumba. Aliyevuka mto ni babu yake.

Kijana alikuja mjini kujifunza ufundi, jioni akawa anapiga kinanda. Fundi, sikufichi. Alianzia kwenye gitaa la kujitengenezea, na sikio lake ni la kutisha. Ukimwimbia wimbo mara moja, mara ya pili anakuongoza yeye. Katika kwaya ile yupo mjumbe mmoja wa kamati, mtu wa makamo, ndiye anayetunza ufunguo wa chumba cha kinanda. Siku ya kwanza akamwambia kijana mbele ya sauti zote nne: "Haya mkimbizi, leo unatupeleka ufunguo gani, wa Bujumbura?" Kwaya ikacheka. Kijana naye akacheka. Wiki ya pili: "Mkimbizi, pole pole na kinanda, kisije kikavuka mpaka nawe." Kwaya ikacheka. Kijana akatabasamu. Wiki ya tano kinanda kilikuwa na hitilafu ya waya: "Si unajua tena, watu wa Umoja wa Mataifa, wanangoja waletewe kipya kwenye lori." Hapo waliocheka walikuwa wachache. Kijana alikuwa anatazama vitufe.

Wiki ya sita hakuja. Wala ya saba. Wajumbe walipomuuliza yule bwana, mnajua alijibu nini. Maneno matatu, na "bwana" mwishoni.

Nami nauliza hivi: kijana yule angejibu nini? Hebu tumtafutie jibu. Angemtania yule bwana kwa kabila lake? Wangesema, ona huyu, tumempokea anatutukana. Angemtania kwa uzee wake? Hana adabu, kwao ndivyo walivyo. Angemtania kwa sauti yake, ambayo, Mungu anisamehe, ni ya jenereta? Ufunguo wa chumba uko mfukoni mwa nani? Kila mlango wa jibu una kufuli, na kufuli zote zinafunguka kwa ufunguo mmoja, na mwenye ufunguo huo ndiye anayetania. Halafu wanasema kijana hajui utani!

Mtanie kwa vidole vyake, nakubali. Mtanie kwa kofia yake. Mtanie kwamba anapiga wimbo wa Kwaresima kama wa harusi, maana hilo lina ukweli. Hayo anaweza kuyajibu, na mengine anaweza kuyarekebisha. Lakini neno "mkimbizi" hawezi kulirekebisha kwa mazoezi ya Alhamisi. Neno hilo halimwambii ajifunze E fleti. Linamwambia kuwa hata akipiga E fleti vizuri kuliko wote, kiti si chake. Na ni neno lenye meno, kwa sababu familia nzima ziliishi miaka zaidi ya arobaini zikingoja karatasi, kila siku zikijiuliza kama kesho zitarudishwa. Utamchekesha mtu kwa kisu kilichomkata babu yake?

Mozart aliwahi kumponda mwenzake. Mnamo Desemba 24, 1781, mjini Vienna, Kaisari Joseph II aliwashindanisha yeye na Mwitaliano Muzio Clementi kwenye piano. Baadaye Mozart alimwandikia baba yake kwamba Clementi ni kama mashine tu, hana hisia. Miaka kumi ikapita, Mozart akafungua opera yake ya Die Zauberflöte kwa muziki unaofanana sana na ule wa sonata ya Clementi. Clementi hakupiga kelele. Alipoichapisha tena sonata yake alihakikisha imeandikwa kuwa aliipiga mbele ya Kaisari, Mozart akiwepo. Amemaliza. Lakini angalia: Clementi alikuwa na mahali pa kuchapisha. Kijana wa Katumba atachapisha wapi? Juu ya ukuta wa chumba ambacho hana ufunguo wake?

"Mbona hata sisi..."

Najua watakavyonijibu, kwa hiyo nijibu kabisa tuokoe karatasi.

Watasema: "Mbona hata sisi tunaitwa majina? Mfipa anatajiwa radi na uchawi kila siku, Msukuma anaambiwa mshamba na ng'ombe wake, Mha anachekwa lafudhi." Ni kweli. Na Mfipa anajibu, tena anakujibu kwa kukutishia hiyo hiyo radi mpaka unanunua soda. Msukuma anajibu. Mpanda yote imejaa wageni wa jana na juzi. Wengine walifuata madini ya risasi na dhahabu enzi za Mwingereza, wengine walishuka kwenye reli ya kutoka Kaliua ilipokamilika kufika hapa, wengine walifuata malisho. Wabende, Wapimbwe na Wakonongo wakitaka kutania kwa habari za ugeni, wana orodha ndefu ya kuanzia, na sidhani kama yule mjumbe hatakuwemo. Hata kinanda chenyewe ni mhamiaji. Neno hilo zamani pwani lilikuwa la chombo cha nyuzi kinachopigwa kama gambusi, baadaye likahamia hata kwenye gramafoni, leo linakaa kwenye chombo cha umeme kutoka Japani. Hakuna aliyelidai cheti. Basi kama wote ni wageni, kwa nini mmoja tu ndiye anayekumbushwa?

Watasema: "Vijana wa leo laini. Zamani utani ulikuwa mkali kuliko huo." Naam, ulikuwa mkali. Mtani wa zamani alikuwa anaingia nyumbani kwako anachinja jogoo wako bila ruhusa. Lakini na wewe ulikuwa unakwenda kwake unachinja wa kwake, na ukifa alikuwa anashika jembe. Nionyesheni jembe la yule mjumbe. Kijana alipokosa wiki mbili, nani alikwenda kumtazama kama anaumwa? Si yeye. Mnadai ukali wa utani wa zamani lakini hamtaki kazi zake. Hiyo, ndugu zangu, ni kula nyama ya msiba bila kuchimba.

Wenye kufuli

Sasa sikia kamati ilivyoitatua. Baada ya kijana kuacha, walikaa kikao, wakabandika karatasi ukutani kwa herufi kubwa: MARUFUKU UTANI WA AINA YOYOTE NDANI YA KWAYA. Wakapongezana. Amani imerudi!

Amani gani? Tangazo lile liliwanyamazisha kina nani? Sauti ya pili waliokuwa wakimtania mwalimu kwamba anaongoza kama anafukuza inzi. Vijana wa besi waliokuwa wakimtania mweka hazina kwamba mfuko wa kwaya una kikohozi. Hao ndio walionyamaza, na mweka hazina sasa anasoma hesabu zake kwa raha, hakuna anayekohoa. Yule mjumbe je? Yeye hahitaji utani. Mwenye ufunguo anaweza kumwita mtu mkimbizi kwa sauti kavu kabisa, bila kucheka, na haitakuwa imevunja tangazo lolote. Na ufunguo bado anao.

Ndiyo maana nilisema makundi haya mawili ni mtu na mdogo wake. Wa kwanza anachukua utani wote kwa ajili ya wakubwa. Wa pili anawanyang'anya wadogo kidogo walichobakiwa nacho. Tena jambo hili halikuanzia kwenye kwaya yetu. Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa na polisi baada ya kusambaza video akiwa anacheka picha ya zamani ya Rais John Magufuli. Kucheka tu! Ukicheka kuelekea juu, ni kosa. Ukicheka kuelekea chini, ni utani tu bwana. Cheko ni lile lile, kinachobadilika ni ngazi uliyosimama.

Masharti ya kutaniana

Mimi si kamati, sina gundi ya kubandikia matangazo. Lakini kibaraza chetu cha Majengo kina sheria ambazo hazijaandikwa popote, na leo naziandika.

Kwanza: anayetania lazima atanike. Ukikaa mahali ambapo hakuna awezaye kukujibu, shuka kwanza kutoka kwenye kiti, weka ufunguo mezani, ndipo ufungue mdomo. Mzee wetu wa solfa, ambaye kwa umri ni baba wa sisi sote, huanza kila Jumamosi kwa kujitania mwenyewe. Anatupa leseni.

Pili: mtanie mtu kwa anachofanya au anachovaa, na umwache na alichokipoteza. Kitufe cha transpozi ni halali. Maiti za 1972 si halali. Asiyeona tofauti ya hayo mawili aende kwanza akajifunze kusikiliza; mpiga kinanda asiyesikia tofauti ya nusu toni hatumpi kiti.

Tatu, na hii ndiyo nzito: umemtania, umemkopa. Deni lake ni Alhamisi usiku na mshumaa. Aliyemwita Bwana C mvivu alikaa naye mpaka akaijua E fleti. Kama hutaki kulipa deni, usikope.

Hayo tu. Hayahitaji sheria ya Bunge wala muhuri.

Nimesikia kuwa Jumapili hizi kwaya ile inaimba mikavu. Kinanda kimefunikwa kitambaa cha kudarizi, kizuri, chenye maua, na juu yake wameweka ua la plastiki. Tangazo liko ukutani. Nimesikia pia kuwa kijana ameshaulizwa arudi, akasema ana kazi nyingi. Amejibu kwa adabu, maana jibu la adabu ndilo pekee aliloachiwa.

Basi naiambia kamati ile, na ninyi vijana wenzangu mnaoandika na kuimba humu mikoani: ondoeni lile tangazo ukutani, chukueni ufunguo ule, mtengenezeni wa pili, mumpelekee kijana Katumba. Aende yule mjumbe mwenyewe, kwa baiskeli, jua likiwaka. Na akifika, kijana akimwangalia jasho linavyomtiririka akamwuliza, "Mzee, vipi, umekuja kuomba hifadhi?", na acheke mbele ya watu wote. Ni zamu ya kijana.